Mahusiano Manne, Kitenzi Kimoja: "Kutegemea" katika Programu za Ratiba za Miradi

Makala haya yanajadili namna programu za kompyuta za kupangia miradi zinavyounganisha kazi, na jinsi Kiswahili cha nyaraka za mipango kinavyoelekea kuuficha muunganiko huo. Msingi wa programu hizo ni mbinu iliyobuniwa mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand nchini Marekani. Mpangaji hukadiria muda wa kila kazi na kutaja kazi zinazoitangulia. Kompyuta hutafuta mfuatano mrefu zaidi, ambao ndio unaoamua siku ya kumaliza mradi.

Programu za leo, kwa mfano Microsoft Project, hutambua mahusiano manne. Kazi fuatizi huweza kusubiri tangulizi iishe ndipo ianze. Huweza kusubiri tangulizi ianze ndipo nayo ianze. Huweza kusubiri tangulizi iishe ndipo nayo iishe. Au, kwa nadra, haiwezi kuisha mpaka tangulizi ianze, kama mlinzi wa usiku asiyeondoka lindoni hadi wa asubuhi aingie. Kila uhusiano huweza kuongezewa siku za kusubiri.

Nyaraka nyingi huyaeleza yote manne kwa sentensi ya aina moja: "uhariri unategemea ukusanyaji wa msamiati." Kisarufi haina kosa, ila haisemi ni mwanzo au mwisho wa kazi gani unaosubiriwa. Anayeingiza mpango kwenye kompyuta asipochagua, programu humchagulia uhusiano wa kwanza. Mfano ni mradi wa kamusi ambao ukusanyaji wake huchukua siku 40 na uhariri siku 30. Kwa uhusiano wa kwanza, jumla ni siku 70. Kumbe wahariri hawahitaji kungoja vidahizo vyote. Wanahitaji tu siku 5 za kushughulikia vya mwisho baada ya ukusanyaji kukamilika. Kazi hizo zikiunganishwa mwisho kwa mwisho, kukiwa na siku 5 za kusubiri, uhariri huanza siku ya 16 na kuisha siku ya 45. Siku 25 zimeongezwa na kitenzi. Kwa taasisi za Kenya, Tanzania au Uganda, ambako mwaka wa fedha huisha Juni 30, tofauti hiyo yatosha kuipeleka kazi nje ya bajeti yake.

Upungufu hauko katika lugha. Fundi ujenzi asemapo "zege likishakaa siku 7 ndipo tofali zipangwe," ametaja mwisho wa kazi moja, mwanzo wa nyingine na siku za kusubiri, yote kwa "-ki-," "-sha-" na "ndipo." Vivyo hivyo, "uhariri usiishe kabla ukusanyaji haujaisha" ni maelekezo kamili ambayo mwingizaji hana haja ya kuyakisia.

Wapo wanaokikwepa kitenzi hicho kwa kuandika tarehe: "uhariri utaanza Machi 3." Dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa. Ukusanyaji ukichelewa, kazi iliyounganishwa husogea yenyewe, lakini tarehe iliyoandikwa kwa mkono hubaki palepale, na ratiba huendelea kuonyesha wahariri wakihariri msamiati ambao bado haujakusanywa.