Alama za Nyongeza Chuoni: Huruma au Upendeleo?

Muhula unapokaribia kwisha, wakufunzi wengi wa vyuo husikia ombi lile lile: "Mwalimu, hakuna maksi za nyongeza?" Wapo wanaotoa: alama mbili kwa kuhudhuria semina, tano kwa insha ya ziada. Je, ni haki?

Kwanza tujiulize alama ni nini. Tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi yetu ilikubali kwamba mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake. Kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Vyuo vikuu vyetu vingi hutoa alama 40 kwa majaribio na kazi za muhula, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Jumla yake ni ushuhuda. Mkufunzi anamwambia mgonjwa wa Geita au Kahama: muuguzi huyu anajua kupima dozi. Ikiwa alama tano kati ya hizo zilitokana na kujaza viti vya semina, ushuhuda una kasoro, na amri ya nane inatuhusu.

Wengine hutaja mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu (Mt 20:1-16), ambamo aliyeajiriwa saa kumi na moja alilipwa sawa na wa asubuhi. Lakini mwenye shamba alitoa mali yake mwenyewe. Alama si mali ya mkufunzi; amekabidhiwa tu kuzitunza.

Pili, kuna usawa. Katika kanda yetu wapo wanafunzi wanaotafuta ada kwa vibarua vya machimboni, kama Nyarugusu au Mwakitolyo. Semina ya Jumamosi yenye alama inamwacha huyo nyuma na kumwongezea mwenye nafasi.

Tatu, alama zinazotolewa faraghani, kwa mtu mmoja mmoja, hufungua mlango wa rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe upendeleo. Mkufunzi asiyegawa alama kwa siri humlinda mwanafunzi, na hujilinda mwenyewe.

Basi, nyongeza zikatazwe kabisa? Si lazima, ila zitimize masharti manne:

1. Zitangazwe kwa darasa zima mwanzoni mwa muhula.
2. Zitokane na somo lenyewe, kwa mfano kusahihisha makosa ya jaribio na kuyaeleza.
3. Kila mwanafunzi aweze kuzipata, hata anayefanya kibarua.
4. Chuo kizifahamu na kuziruhusu.

Na huruma? Inayo nafasi yake. Mkufunzi anayekaa saa moja na walioshindwa, akawafundisha upya, kisha akawapa jaribio jingine kwa kufuata taratibu za chuo, amewasaidia zaidi ya yule aliyewaandikia alama kumi. Ndugu waseminari, wengi wenu mtakabidhiwa madarasa siku moja. Anzeni sasa kuitofautisha huruma na upendeleo.