Shule Ndogo: Tuliyoyaangalia Kabla ya Kumhamisha Mtoto

Akina mama wenzetu mnaoishi Tegeta, Boko, Bunju au Mapinga mnaifahamu vizuri saa kumi na moja ya alfajiri. Giza bado halijatoka, na mtoto wa miaka minane amesimama kando ya barabara, mkoba umemwelemea mgongoni, akingojea basi la shule. Binti yetu alikuwa mmoja wao kwa miaka miwili. Alirudi jioni jua likitua, akala huku anasinzia, kisha akafungua daftari la kazi za nyumbani. Jumamosi ilikuwa siku ya twisheni. Sisi hatukuona kosa lolote. Watoto wa majirani walifanya hivyo hivyo, na ada tulikuwa tumeilipa kwa jasho.

Kilichotuzindua kilikuwa jambo dogo. Siku moja, tukitandika vitanda, tuliikuta ripoti yake ya muhula imefichwa chini ya godoro. Tulipomwuliza kwa upole, alijibu akiangalia sakafu: "Mimi ni wa arobaini na moja." Hakusema amekuwa wa arobaini na moja katika mtihani ule. Alisema yeye ndiye wa arobaini na moja, kama mtu anavyotaja jina lake. Usiku ule mmoja wetu hakulala, na msomaji atabahatisha ni yupi.

Baada ya ibada ya Jumapili tulimweleza mama mmoja wa kikundi chetu. Akatuambia kuhusu shule ndogo upande wa Bagamoyo, ambako watoto hawafiki mia, kila darasa lina watoto wasiozidi ishirini, na asubuhi wanamwagilia bustani kabla ya hesabu. Akaongeza kwa kucheka kwamba watu huiita "shule ya kucheza".

Mama mkwe alipopata habari alitujia mwenyewe. "Wanangu," alisema, "mimi nililima shamba la shule miaka saba. Leo ninyi mnalipa pesa ili mjukuu wangu akashike jembe?"

Hatukuwa na jibu la haraka, maana bibi alikuwa na haki. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia elimu inayomtenga mtoto na jamii yake na kuuheshimu mtihani kuliko kitu kingine chochote. Alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kupanga kazi yake ili wajifunze kwa kuifanya. Wazo lilikuwa zuri. Lakini wengi wa kizazi cha bibi wanakumbuka jembe kama adhabu: umechelewa, kalime, umepiga kelele, kalime. Kwa hiyo swali letu la kwanza likawa kama kazi ile ya mikono inamfundisha mtoto kitu, au inamtumikisha tu.

Jambo hili si geni hapa pwani. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walisoma na kujifunza dini, na pia walifundishwa useremala, uhunzi na kilimo. Ukitembea leo chini ya miembe ya misheni ile unaweza kudhani yalikuwa maisha matamu. Tusiyapambe. Nidhamu ilikuwa kali, kazi zilikuwa nzito, na watoto wale hawakuwa na pa kwenda. Ila wale mapadre walijua kwamba mtoto ana mikono na roho, si kichwa peke yake. Hata Mwinjili Luka, anapoeleza utoto wa Bwana Yesu huko Nazareti, hataji hekima tu. Anataja kimo pia, na kupendwa na Mungu na watu.

Tukaanza kuuliza hizi shule za "kumlea mtoto mzima" zilitoka wapi. Nyingi hufuata, kwa ukaribu au kwa umbali, njia ya Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. (Tulicheka kidogo: njia iliyoanzia kwa watoto wa maskini sasa huku kwetu mara nyingi ni ya wenye kulipa.) Kwake mtoto huchagua kazi kati ya vifaa vilivyopangwa kwa uangalifu, huifanya kwa mikono, na wadogo hukaa pamoja na wakubwa kidogo. Nyingine hufuata Rudolf Steiner, ambaye shule yake ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919 kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Huko hadithi, uchoraji, muziki na kazi za mikono huchukua nafasi kubwa, na kusoma kwa maandishi hucheleweshwa mpaka mtoto amekaribia miaka saba. Dar es Salaam ilianzishwa shule ya njia hiyo iitwayo Hekima.

Hapa tuwaonye akina mama. Jina la Montessori halina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuliandika kwenye kibao. Sisi tulitembelea shule tatu. Ya kwanza ilikuwa na kibao kizuri na wanyama wamechorwa ukutani, lakini watoto thelathini walikuwa wamefunga mikono katika chumba kilichokuwa gereji, wakiimba herufi kwa sauti moja. Vifaa vilikuwepo, vimefungiwa kabatini visichafuke. Tulipouliza mwalimu alisomea wapi, tulijibiwa kwamba anapenda watoto. Kupenda watoto ni kuzuri, lakini vyuo vya kufundisha walimu wa Montessori vipo nchini, kama kile cha Msimbazi, Dar es Salaam, na mwalimu aliyepita huko hataona vibaya kuulizwa.

Ya pili hatukukaa. Choo kilituambia yote.

Katika ile ya tatu, shule aliyotuambia mama wa kanisani, tuliomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa tangu asubuhi mpaka saa sita. Kila mama anayefikiria jambo hili na aombe hivyo. Shule ikikataa kabisa, amekwisha kupata jibu. Tuliona mtoto akipima mbegu za mchicha kwa kijiko na kuandika idadi ya mashimo. Alikosea kuzidisha. Mwalimu hakumsahihisha, alichuchumaa karibu yake akamwambia ahesabu tena mashimo yenyewe. Mtoto akaenda nje, akahesabu, akarudi mbio na jibu lake. Hapo swali la bibi kuhusu jembe likajibiwa, angalau kwa upande wetu. Mchana wakubwa walikuwa wanajiandaa kwenda kutazama mazoezi ya ngoma katika Chuo cha Sanaa, kile kilichoanza mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Walipewa kazi ya kurudi na hesabu ya mapigo, si kushangaa tu.

Ndipo tukauliza maswali magumu. Tuliomba kuona cheti cha usajili kutoka wizarani, kwa sababu shule isiyosajiliwa inaweza kumwacha mtoto bila mahali pa kufanyia mtihani. Tuliuliza ni walimu wangapi walioondoka mwaka uliopita, maana katika shule ndogo akiondoka mmoja, darasa zima linayumba. Tuliuliza wanafundisha kwa lugha gani na wanaivukaje kwenda nyingine. Na tuliuliza kuhusu Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Mwalimu mkuu alisema bila kuficha kwamba watoto wake huufanya kama wengine wote, kwamba wengine hufaulu vizuri na wengine wastani, na kwamba kama tunataka jina gazetini tumekosea njia. Jibu hilo lilitutia hofu na kututuliza kwa wakati mmoja.

Tulimhamisha Januari. Ada haikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Tuliokoa nauli ya basi na fedha za twisheni, ndipo ikawezekana. Tumepoteza pia. Maktaba ni rafu mbili. Timu ya netiboli haitoshi wachezaji mpaka waalike shule jirani. Rafiki yake wa damu alibaki kule, na kwa wiki tatu za mwanzo alilia. Imla yake ya Kiingereza ilirudi nyuma, nasi tulikosana nyumbani juu ya jambo hilo, mmoja akitaka kurudisha twisheni na mwingine akikataa. Tulipatana kwa nusu saa ya imla kila Jumamosi, baba ndiye msomaji wa maneno.

Sasa yuko darasa la nne, na upimaji uko mbele yetu. Hatujui atapata nini. Tunajua kwamba anaamka saa kumi na mbili na nusu, na kwamba njiani anauliza maswali mpaka tunachoka. Ripoti ya muhula uliopita haikuwa na nafasi ya darasa. Ilikuwa kurasa mbili za maelezo ya mwalimu, nyingine za kusifu, nyingine za kutukera. Hakuificha.

Mama mkwe alikuja siku ya wazazi. Alikaa kimya muda mrefu karibu na matuta, akayakagua kama mtu aliyelima miaka saba. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwonyesha kwamba wamepanda kwa kubananisha mno.