Mawe Yaliyozama Kilomita Mia: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Mwaka 1984 mwanajiolojia wa Kifaransa Christian Chopin alitoa taarifa iliyowatia wenzake mashaka. Katika mawe ya Dora Maira, milima ya Alps upande wa Italia, alikuta koesaiti. Hiyo ni kwatzi ileile ya mchanga wa kawaida, ila imebanwa kwa nguvu inayopatikana kwenye kina cha kilomita 90 hivi au zaidi. Mwaka huohuo David Smith naye akaripoti koesaiti kutoka Norway. Tangu hapo maelezo yamekuwa mengi, na si yote ya kuaminiwa.

“Ganda la bara ni jepesi, haliwezi kuzama kiasi hicho.”

Si kweli. Lenyewe halizami, huvutwa. Mabamba mawili ya dunia yakikutana, sakafu ya bahari, iliyo nzito zaidi, hutangulia kuingia chini. Bahari ikishaisha, ukingo wa bara ulioshikamana nayo hufuata.

“Kilichokwenda huko hakirudi.”

Kwa sehemu kubwa ya sakafu ya bahari, ni kweli. Kwa bara, si kweli, na sababu ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya mawe ya bara ina gramu 2.7 hivi, ya mantili, yaani tabaka lililo chini ya ganda, ina takriban 3.3. Hata likibanwa, pande la bara kwa kawaida hubaki jepesi kuliko mantili inayolizunguka. Kinacholizuia chini ni ule mkia wa bahari unaolivuta. Mkia ukikatika, au pande lenyewe likibanduka, hupanda kama nazi kavu iliyoachiwa chini ya maji.

Eklojaiti, jiwe zito linalozaliwa sakafu ya bahari inapobanwa, haina bahati hiyo. Uzito wake hufika gramu 3.5, kwa hiyo mara nyingi huibuka kwa kubebwa tu, ikiwa vipande ndani ya mawe mepesi.

“Volkeno ndizo zinazoyatoa.”

Inategemea ni mawe gani. Almasi za Mwadui, Shinyanga, zililetwa na uji wa moto uliopasua njia kutoka kwenye mantili. Safari ya namna hiyo huhesabiwa kwa saa au siku. Mawe ya Dora Maira hayakubebwa na uji wowote. Yalipanda yakiwa mango, pande zima, pengine kwa njia ileile yaliyoshukia.

“Mvua na mito huchimba hadi kuyafikia.”

Hili ndilo linalopendwa kuliko yote, kwa sababu mmomonyoko tunauona kwa macho. Tupige hesabu. Mvua na mito vikila milimita moja kwa mwaka, kasi ambayo ni kubwa, vitahitaji miaka milioni 100 kuondoa kilomita 100. Mawe ya Dora Maira yalikuwa kwenye kina chake cha mwisho miaka milioni 35 hivi iliyopita, na ndani ya miaka milioni chache tu yalishakaribia juu. Kasi hiyo ni ya sentimita kwa mwaka, sawa na kasi ya mabamba yanayozama.

Kuna ushahidi mwingine, nao kwangu una nguvu zaidi. Mawe yenye koesaiti pale ni tabaka jembamba, unene wake kilomita moja hivi, lililobanwa kati ya mawe ambayo hayakushuka kina hicho. Mto hauwezi kulipita la juu ukaling’oa la kati. Tabaka hilo lilichomoka likajipenyeza. Mito ilimalizia kilomita za mwisho tu.

Na si kila mahali njia ni moja. Katika visiwa vya D’Entrecasteaux, Papua New Guinea, mawe yaliyokuwa kwenye kina cha koesaiti miaka milioni 8 hivi iliyopita yameibuka mahali ambapo ganda la dunia linatanuliwa na kupasuka. Anayekuambia kuna njia moja tu, mtilie shaka.

“Jiwe likirudi, hubaki na sura ya kule chini.”

Si kweli, na ndiyo maana ugunduzi ulichelewa. Mgandamizo ukipungua, koesaiti hurudi kuwa kwatzi na kuvimba. Iliyosalimika ni chembe zilizofungiwa ndani ya ganeti, madini magumu yasiyoiruhusu kutanuka. Hata hapo, nyingi zimegeuka kwa sehemu, zikaacha nyufa zinazotawanyika kwenye ganeti kama miali. Maji nayo yakiingia njiani, hufuta karibu kila kitu.

“Yana almasi, basi ni mali.”

Almasi zipo. Mwaka 1990 wanajiolojia Sobolev na Shatsky waliandika kuhusu zile za Kokchetav, Kazakhstan. Ni punje za kutazama kwa hadubini. Za pete, hapana.

“Haya ni mambo ya Ulaya na Asia.”

Si kweli. Katika ukanda wa Usagara, Tanzania, kuna eklojaiti zilizoelezwa na wanasayansi mwaka 1995. Hazikufika kina cha koesaiti. Ziliishia kilomita 60 hivi. Lakini umri wake ni miaka bilioni 2, nazo zimo miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa duniani kwamba sakafu ya bahari ilizama chini ya bara na kipande chake kikarudi.