Meseji moja ya chanjo, malipo ya meseji tatu

Tuseme zoni ya afya ya Katuba, hapa Lubumbashi, inataka kuwakumbusha akina mama siku ya chanjo ya surua. Meseji imeandikwa kwa Kifaransa, ina herufi 150, na ndani yake limo neno hôpital. Kwa kuwa meseji moja hubeba herufi 160, anayeituma anaamini atalipia moja. Atalipia tatu.

Chanzo ni kile kikofia juu ya o. Meseji ya simu ina nafasi ya baiti 140 tu. Alfabeti ya kawaida ya simu hutumia biti 7 kwa kila herufi, ndiyo maana zinaingia 160. Alfabeti hiyo inazo é, è na à, ila haina ô wala ê. Ikitokea hata moja, ujumbe mzima huhamia kwenye alfabeti pana inayotumia biti 16 kwa herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande kina bei yake. Kiswahili nacho kina mtego: kompyuta ikipinda ile alama ya ng’ badala ya kuiacha imenyooka, hasara ni ileile.

Zamani mtunzi wa programu alibeba mzigo huu wote, pamoja na kujua namba ipi ipitie kampuni ipi. Maktaba za programu, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa ambayo wengine huitumia, zilikuja kumtua. RapidSMS ya UNICEF ni mojawapo. Rwanda iliianzia wilayani Musanze, wahudumu wa afya wa vijijini wakituma habari za wajawazito na watoto wachanga. Baadaye maktaba hiyo ilirahisishwa, kutuma kukawa amri moja: unaipa maneno na orodha ya wapokeaji, yenyewe inaupitisha ujumbe kwenye njia ya kila namba.

Naunga mkono urahisi huo kwa moyo wote. Ofisi yenye fundi mmoja haiwezi kutunza mtambo wenye viungo mia. Lakini amri fupi huficha mambo mawili: gharama, kama tulivyoona, na hatima ya ujumbe. Amri ikimalizika bila kosa, maana yake ni kwamba ujumbe umekabidhiwa mtandao, basi. Huenda simu ya mama imezimika kwa kukosa umeme. Habari ya kufika huja baadaye, katika ripoti ya mtandao, na programu isiyoisubiri haitaijua.

Kwa hiyo, vijana wa Lubumbashi mnaotunga programu za afya: hesabuni herufi kabla ya kutuma, na hifadhini ripoti ya kila namba. Namba ambayo ujumbe haukuifikia mpeni reko, yaani mhamasishaji wa afya wa jamii, wa mtaa huo, aende kubisha hodi kabla ya siku ya chanjo.