Usalama wa mtoto mtandaoni waanzia kwenye kitabu cha nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Tanga

WANAFUNZI wa madarasa ya chini wa Raskazone, eneo la jiji la Tanga lililo kando ya bahari, wanaporejea nyumbani jioni, mara nyingi ni rahisi zaidi kwao kuipata simu ya mzazi yenye intaneti kuliko kitabu cha hadithi. Hali hiyo haipo Raskazone pekee. Ndivyo ilivyo katika miji mingi nchini.

Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni, mtandao wanaukuta nyumbani, katika simu ya mama, baba, kaka au dada. Ndiyo maana mwalimu peke yake hawezi kuifanya kazi ya kuwalinda. Familia inatakiwa kufanya mambo mawili yanayokwenda pamoja: kumzoesha mtoto kusoma na kumfundisha tahadhari za mtandaoni.

Kusoma si kutamka tu

Mwaka 2015 serikali ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Kabla ya hapo, tathmini za Uwezo za mwaka 2010 na 2011, zilizofanywa kwa kuwatembelea watoto majumbani, zilionyesha kuwa wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, anaweza kulisoma neno "mahakama" bila kosa na asijue maana yake. Mzazi anayemsikia akitamka vizuri hudhani kazi imekwisha. Kipimo cha kweli ni kumtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokisoma, na kwa nini mhusika alifanya alivyofanya.

Stadi hiyo ndiyo inayohitajika mtandaoni. Mtoto aliyezoea kuuliza "nani anasema, na anataka nini?" ni vigumu zaidi kurubuniwa na ujumbe wa zawadi au wa mtu asiyemfahamu.

Hatari ilipo

Mitandao mikubwa kama Facebook na YouTube imeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujisajili. Mtoto wa miaka minane anayetumia akaunti ya mzazi huhesabiwa kuwa mtu mzima, hivyo huletewa picha na matangazo ya watu wazima. Video moja ikimalizika, nyingine huanza yenyewe, na baada ya muda mtoto huwa mbali na kile alichoruhusiwa kutazama.

Lipo pia tatizo zito zaidi. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliotolewa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikumbwa na unyanyasaji wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja, idadi iliyokadiriwa kufikia watoto 200,000. Mara nyingi mhusika si mgeni, bali ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Wadogo zaidi hawakuhojiwa, lakini tabia atakayokuwa nayo mtoto akiwa na miaka 12 hujengwa mapema.

La kufanya nyumbani

Dakika 15 za kusoma pamoja kila jioni zinatosha kuanza. Asiye na vitabu anaweza kwenda Maktaba ya Mkoa wa Tanga, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Bibi asiyejua kusoma naye ana nafasi yake: aseme "Paukwa!", wajukuu waitikie "Pakawa!", kisha mmoja wao aisimulie upya hadithi hiyo kesho yake. Mkoa uliomzaa Shaaban Robert, mwana wa Vibambani aliyezaliwa mwaka 1909, hauna sababu ya kukosa masimulizi.

Kwa upande wa simu, itumike sebuleni mbele ya wengine, kwa muda uliopangwa, na video zizuiwe kujiendesha zenyewe. Mtoto afundishwe kutotuma picha, jina la shule wala mahali anapoishi. Zaidi ya yote, aelewe kwamba mtu yeyote anayemwambia "usimwambie mama" anapaswa kutajwa kwa mama siku hiyo hiyo.

Mtoto akieleza jambo, asigombezwe wala kunyang'anywa simu kama adhabu, maana safari nyingine atanyamaza. Ujumbe husika usifutwe, kwani ni ushahidi. Msaada hupatikana bure kwa kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, au katika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha picha za ngono za watoto. Ujumbe wa utapeli wa fedha, na namba iliyoutuma, hutumwa kwenda 15040.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyezoea kuzungumza na wazazi wake juu ya sungura na fisi wa kwenye kitabu hataona taabu kuwaeleza yaliyomsibu kwenye simu.