Umbali Umekufa Kweli?

Vijana, ulizeni wazazi wenu: mwaka 1996, vita ilipofika, habari zilitembea namna gani? Watu wengi wa Baraka, Mboko na Fizi walivuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakapelekwa kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka ule ule. Aliyetaka kujua kama mama yake yungali hai aliandika barua, akampa msafiri wa boti, akangoja. Mwenye bahati alipata redio ya foni: «Mama, unanisikia?» Na majirani wote wakasikia siri ya nyumba.

Basi, mwaka 1997, mwandishi mmoja wa Uingereza, Frances Cairncross, alitoa kitabu cha kutabiri kwamba umbali utakufa: bei ya kuzungumza na mtu wa mbali itashuka mpaka iwe karibu bure, na maisha ya watu yatabadilika.

Kwa upande wa sauti alisema kweli. Wengi wa Nyarugusu walipelekwa baadaye Marekani, Kanada na Australia, na leo wanatazama harusi ya Baraka ndani ya simu. Ila ufunguo wa mlango huo hauko kwetu. Januari 2015 serikali ilikata intaneti. Ikaikata tena tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, karibu wiki tatu. Jamaa zilizozoea salamu za kila asubuhi zikarudia kungoja.

Tena umbali mwingine haukufa hata kidogo. Baba anayechimba dhahabu upande wa Misisi ni mtu wa Fizi hii hii, lakini akiwa shimoni simu haimpati, na jioni akipanda, mega zimekwisha. Mtoto wake anajua sura ya shangazi wa Amerika kuliko ya baba. (Tusitupie simu makosa yote, machimbo yalichukua akina baba zamani, bila intaneti.) Tangu M-Pesa ilipofika Congo mwaka 2012, baba anaweza kutuma franga bila mtu kuzibeba njiani, na njia zetu tunazijua. Faida kubwa hiyo. Lakini mwenyewe haji.

Jambo ambalo mtabiri hakuliona liko kwenye kikao cha mahari. Zamani wazee waliketi, wakabishana mpaka usiku, na neno la baba mkubwa lilikuwa zito. Siku hizi simu inawekwa katikati ya mkeka, na kijana wa miaka 28 aliye Amerika anakata neno, kwani ndiye mwenye kutuma dola. Baba mkubwa ananyamaza. Hasira yake itatoka siku nyingine, juu ya bibi-arusi asiye na kosa.

Mimi ningependa wazee wapatane kwanza simu ikiwa imezimwa, halafu wampigie kijana kumweleza. Dola atatuma tu. Ni mdogo wake anayeoa.