Vitamini A, Seli za Kinga na Istilahi ya "Kizuiaoksidisho"

Miongoni mwa kazi zinazoletwa ofisini kwetu ili zipitiwe lugha, ilifika rasimu ya kijitabu cha lishe kilichokusudiwa kugawiwa akina mama wajawazito. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na mfasiri wake bila shaka ni mtu wa bidii. Lakini katika ukurasa wa tatu palikuwa na sentensi hii: "Vitamini A ni kiondoasumu kinachosafisha seli za kinga, kwa hiyo kadiri mama atakavyoitumia kwa wingi ndivyo atakavyojikinga na maradhi." Sentensi hiyo ilitulazimu kukisimamisha kijitabu kizima. Kosa lake si la sarufi. Ni kosa la istilahi, nalo laweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, maana vitamini A ya aina ya retinoli ikitumiwa kwa kiasi kikubwa mno wakati wa ujauzito, hasa katika miezi ya mwanzo, huweza kuharibu maumbile ya kijusi. Msomaji wa sentensi ile angeona ajabu kuambiwa kwamba kiondoasumu chenyewe kinaweza kuwa sumu.

Hapana budi tuanze na dhana. Oksidisho, kwa maana ya wanakemia, ni hali ya atomi au molekuli kupoteza elektroni. Seli zetu zinapotumia oksijeni kuunguza chakula, huzalisha pia molekuli chache zilizopungukiwa elektroni, nazo huzipokonya molekuli za jirani, yakiwamo mafuta ya utando wa seli, protini na hata DNA. Molekuli za namna hiyo huitwa radikali huru. Dutu iwezayo kuzituliza kabla hazijaleta madhara ndiyo tunayopendekeza iitwe kizuiaoksidisho, wingi vizuiaoksidisho. Muundo wake si mgeni: tunayo maneno kipimajoto na kinasasauti, ambamo kiambishi ki- hufuatwa na kitenzi na kisha jina la kitendwa. Dutu itendayo kinyume chake ni kioksidishaji.

Baadhi ya wafasiri watauliza: kwa nini tusiseme "sumu" na "kiondoasumu", maneno ambayo kila mtu anayaelewa? Tatizo ni kwamba yanaeleweka kupita kiasi. Neno sumu humwambia msomaji kwamba kitu hicho ni kibaya wakati wote na mahali pote. Sivyo ilivyo katika seli za kinga. Nutrofili, aina ya seli nyeupe ya damu, inapommeza bakteria hutengeneza vioksidishaji kwa makusudi ili kumuua. Wako watoto wanaozaliwa na kasoro katika kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, nao huandamwa na maambukizo makali tangu utotoni. Seli iliyonyimwa vioksidishaji vyote haikusafishwa, imenyang'anywa silaha. Hata hivyo, seli hiyo yahitaji pia vizuiaoksidisho vya kutosha ili silaha isimgeukie mwenyewe. Kilicho kikuu kati ya hivyo ni glutathioni, molekuli ndogo iliyoundwa kwa asidi amino tatu, ambayo seli hujitengenezea yenyewe. Limfosaiti nazo hushindwa kuongezeka vizuri glutathioni ikipungua. Basi neno kiondoasumu na tuliachie dawa anayopewa mtu aliyekunywa sumu hasa.

Sasa tuitazame vitamini A. Jina hili ni la ukoo mzima. Retinoli hupatikana katika maini, maziwa na mafuta ya ini la samaki. Mwili huigeuza kuwa retinali, inayotumika machoni, na retinali huweza kurudi kuwa retinoli. Lakini ikishageuzwa kuwa asidi ya retinoiki hairudi tena nyuma. Dutu hizi tatu, pamoja na jamaa zake zinazotengenezwa maabarani, huitwa retinoidi. Karotinoidi ni kundi jingine: ndizo rangi za karoti, maembe, mawese na majani ya mchicha. Beta-karotini, mmojawapo wa kundi hilo, hukatwa mwilini ikawa retinali. Likopeni, iliyo rangi ya nyanya, haigeuki kuwa vitamini A kamwe. Mfasiri anayeandika "vitamini A" mahali pa "karotinoidi" amebadili habari, wala si jina tu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno dogo lililotusumbua kuliko yote, yaani "ni". Je, vitamini A ni kizuiaoksidisho? Beta-karotini hustahili jina hilo kwa kiasi fulani, kwa kuwa yenyewe huweza kutuliza radikali huru. Lakini mwaka 1984 ilionyeshwa kwamba hufanya hivyo vizuri pale oksijeni ilipo haba, na kwamba oksijeni ikizidi uwezo huo hupotea. Retinoidi katika seli za kinga hutenda kazi yake kubwa kwa njia nyingine kabisa. Asidi ya retinoiki huingia katika kiini cha seli na kushikamana na protini ziitwazo vipokezi, ambavyo vilitambuliwa mwaka 1987 na makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa na jingine la Marekani. Vipokezi hivyo huamuru jeni fulani ziamke na nyingine zilale. Kwa hiyo asidi hii yafanana zaidi na mtoa amri kuliko mtenda kazi.

Amri hiyo hutofautiana kwa kadiri ya seli inayoipokea. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za seli changa za damu ambazo, mwilini mwenye uvimbe wa saratani, hujaa vioksidishaji na kuzikandamiza seli nyingine za kinga. Zilipopewa asidi ya retinoiki, kimeng'enya kinachotengeneza glutathioni kiliongezeka, glutathioni ikapanda, vioksidishaji vikashuka, nazo seli zikapevuka. Kwa upande mwingine, mwaka 1980 ilikwisha kuonyeshwa kwamba asidi hiyo hiyo huzipevusha seli fulani za saratani ya damu zikawa mfano wa nutrofili, na zikishapevuka hupata uwezo wa kutengeneza vioksidishaji ambao hapo kwanza hazikuwa nao. Dutu moja, seli mbili, matokeo yanayopishana. Ukiandika "huongeza kiasi cha vizuiaoksidisho katika baadhi ya seli" umesema kweli. Ukiandika "ni kizuiaoksidisho" umefuta nusu ya habari.

Wako watakaoona kwamba tunapasua unywele. Lakini dhana kwamba kizuiaoksidisho hakina ziada iligharimu. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika jaribio ambalo baadhi yao walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Huko Marekani jaribio jingine, la beta-karotini pamoja na retinoli, lilisimamishwa mwaka 1996 kabla ya wakati wake kwa sababu kama hiyo.

Lisije jambo hili likamtia mtu hofu ya vitamini yenyewe. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo kutoka Mvumi, Dodoma, ya watoto 180 waliolazwa kwa surua. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12, na tofauti ilikuwa dhahiri zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Upungufu ni hatari na ziada ni hatari. Kiondoasumu hakiwezi kusema mambo yote mawili.

Sentensi ya kijitabu tuliirudisha ikisomeka hivi: "Vitamini A huziwezesha seli za kinga kupevuka na kufanya kazi yake, na katika baadhi ya seli hizo huongeza kiasi cha vizuiaoksidisho. Mama mjamzito asitumie vidonge vya vitamini A ila kwa maelekezo ya mhudumu wa afya." Mfasiri aliikubali, ila alituuliza kwa nini tusiandike "kizuia oksidisho" kwa maneno mawili. Tumeliunga ili liingizwe kamusini kama kidahizo kimoja, sawasawa na kipimajoto. Anayeona vingine na atuandikie, pamoja na mifano.